Pesa Zilizokataliwa: Kwa Nini Utafiti Uje Kabla ya Msaada

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Homa Bay na Migori. Imechapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mwaka 2015 shirika la GiveDirectly, ambalo lilikuwa limekwisha kugawa pesa kwa maelfu ya familia katika Kaunti ya Siaya, liliingia Homa Bay. Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza. Familia maskini ingepokea kupitia simu kiasi kinachokaribia mapato yake ya mwaka mzima. Hakuna riba, hakuna kurudisha, hakuna sharti kwamba lazima zinunue mbuzi au mabati. Mwaka uliofuata shirika lenyewe likatangaza jambo ambalo halikulitarajia: kati ya kila watu 100 waliostahili kupewa pesa hizo Homa Bay, karibu 45 walikataa.

Walikuwa watu maskini. Hiyo ndiyo sababu walichaguliwa. Wengine nyumba zao ni za nyasi, watoto wao hurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na bado walimwambia karani wa shirika aende zake. Vijijini kulivuma kwamba pesa hizo ni za shetani, kwamba zinatoka kwa madhehebu ya siri, kwamba anayezila atakuja kudaiwa kitu kingine kisicho pesa.

Mtu aliyeketi ofisini ni rahisi acheke na kusema wananchi wanahitaji kuelimishwa. Lakini ng'ambo tu ya ghuba, Siaya, watu wanaosema lugha ileile, wanaovua katika ziwa lilelile na wanaosali katika makanisa ya aina ileile walikuwa wamezipokea, na waliokataa huko walikuwa wachache. Kama tatizo lingekuwa ujinga, basi ujinga huo uliwezaje kuishia mpakani?

Inafaa kukumbuka kwamba wakati huo ushahidi wa tarakimu haukukosekana. Wachumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walikuwa wamefuatilia familia za Rarieda, Siaya, kati ya mwaka 2011 na 2013, wakilinganisha zilizopewa pesa na ambazo hazikupewa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba waliopewa walikula vizuri zaidi, waliongeza mifugo na mali, na hawakuongeza matumizi ya pombe wala sigara, ingawa hilo ndilo watu wengi walilolihofia. Kwa hiyo swali la kama pesa zinasaidia lilikuwa na jibu zuri. Ambalo halikuwa limeulizwa ni kama mkazi wa Homa Bay atauamini mkono unaozitoa.

Hapo ndipo ilipohitajika aina nyingine ya utafiti, ile ya kukaa na watu, kunywa chai nao, kusikiliza wanavyobishana sokoni na matangani bila kuwakatiza. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt, ambaye amefanya utafiti wake Homa Bay kwa muda mrefu, alichapisha mwaka 2022 makala kuhusu pesa hizi na namna zilivyopokelewa. Hakuuchukua uvumi kama upuuzi wa kufutwa. Aliuchukua kama fikra za watu wanaojaribu kuelewa zawadi isiyo na deni.

Na kwa kweli fikra hizo zina msingi. Fikirini maisha ya kawaida ya kijijini. Mwanasiasa akija na unga, anataka kura. Chama kikikupa mkopo, wanachama wenzako ndio wadhamini wako. Shemeji akilipia hospitali, siku moja atakuja na shida yake na hutaweza kumgeuzia mgongo. Mashirika yaliyokuja na chandarua au mbegu yaliandika majina, yakapiga picha, yakachukua damu. Kisha anakuja mgeni na kusema: hizi ni zako, sitaki kitu. Mtu aliyelelewa na kuambiwa kwamba hakuna cha bure ana haki ya kuuliza mwenyewe ni nani. Shirika lenyewe lilieleza kwamba miradi mingine ya maendeleo katika eneo hilo ilikuwa imekutana na ukaidi wa namna hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba swali hilo lilikuwa linasubiri mtu wa kulisikia kabla pesa hazijatumwa.

Habari hii imetangulizwa kwa sababu kila kaunti huwa na haraka. Kuna njaa, kuna mafuriko, kuna wasichana wa shule wanaopata mimba, na mkazi anataka kuona kitu kikifanyika leo. Kumwambia kwamba kwanza kuna maswali ya kuulizwa kunasikika kama kuchelewesha. Hata hivyo, msaada uliokataliwa na karibu nusu ya walengwa ulichelewa zaidi.

Mfano wa pili kila mtu wa ziwani anaujua, na ni mzito kuliko wa kwanza, kwa sababu huu umeua watu.

Mwanamke muuza samaki hufika ufuoni kabla ya jua kuchomoza, iwe ni Mbita, Sindo, Sori au Muhuru Bay. Mitumbwi inarudi. Siku hizi wanaosubiri na beseni mara nyingi ni wengi kuliko samaki waliomo. Mvuvi ndiye anayeamua nani atauziwa kwanza na nani ataondoka mikono mitupu na nauli imeshatumika. Katika hali hiyo ndipo jaboya inapoingia: mwanamke anakuwa na mvuvi wake, na mvuvi huyo anahakikisha kwamba yeye hakosi. Watu wa nje hudhani samaki hutolewa bure kwa ajili ya mwili. Mara nyingi mwanamke bado hulipa. Anachonunua kwa njia hiyo nyingine ni nafasi yake kwenye foleni.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mahubiri. Mabango yaliwaambia wanawake wajiheshimu, semina zikawafundisha hatari ya virusi, kana kwamba hawakuwa wamezika dada zao na waume zao. Walijua. Takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 zilionyesha kwamba watu wazima 19.6 kati ya kila 100 Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, na Migori 13.0, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Katika eneo lenye tarakimu hizo, anayehitaji kuambiwa kwamba UKIMWI upo ni nani?

Watafiti waliokwenda ufuoni kusikiliza walirudi na maelezo tofauti. Mwanasosholojia Sanyu Mojola, katika makala ya mwaka 2011, alionyesha kwamba hatari ya maambukizi katika jamii za wavuvi wa Nyanza haiwezi kutenganishwa na hali ya ziwa lenyewe, wala na nani ana pesa na nani hana. Mwaka 2015 Kathryn Fiorella na wenzake wakachapisha utafiti wao wa Kisiwa cha Mfangano, uliouhusisha uhusiano huu wa samaki kwa ngono na kupungua kwa samaki wanaopatikana. Utafiti mwingine, wa Carol Camlin na wenzake wa mwaka 2013, uliwafuata wanawake wanaohamahama magharibi mwa Kenya kwa ajili ya biashara, ambao leo wako ufuoni, kesho sokoni, wiki ijayo kwenye kisiwa kingine.

Ukiyaweka hayo pamoja, tatizo linahama mahali. Linatoka kwenye tabia ya mwanamke na kwenda kwenye ziwa, kwenye mtaji, kwenye barafu ya kuhifadhia samaki, kwenye saa za kufungua zahanati. Omena hufungiwa kuvuliwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili wazaane. Sheria hiyo ni nzuri kwa omena, na mwaka wowote ambao samaki wamepungua ni ya lazima. Lakini miezi minne ni muda mrefu kwa mama ambaye omena ndiyo kazi yake, na ofisi inayopanga kufunga uvuvi bila kuuliza atakula nini inapanga pia, bila kujua, namna atakavyopata samaki wake wa kwanza mwezi Agosti.

Kwa jirani zetu wa Kisumu jibu la namna nyingine limejaribiwa. Katika ufuo wa Nduru, Nyakach, kikundi cha wanawake kilianza mwaka 2011 kupewa mitumbwi yao wenyewe, wakawa wao ndio wanaoajiri wavuvi. Kikundi kikaitwa No Sex for Fish, na habari zake zikaenda dunia nzima. Lililosemwa kwa sauti ya chini ni yaliyofuata. Mitumbwi ya mbao huchakaa, na matengenezo yana gharama. Mwaka 2020 ziwa likafurika na kuwahamisha watu ufuoni. Wazo lilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu lilitoka kwa wanawake wenyewe walioulizwa wanataka nini. Ila pesa za matengenezo na mahali pa kukimbilia maji yakipanda hazikuingizwa kwenye hesabu ya mwanzo. Kaunti yoyote ya ziwani inayotaka kuiga jambo hili haina sababu ya kurudia kosa hilo, maana limekwisha kulipiwa na wengine.

Upande wa afya nao ulijifunza kwa kuuliza. Kati ya mwaka 2013 na 2017 utafiti uitwao SEARCH ulifanyika katika jamii 32 za Kenya na Uganda, zikiwemo za Homa Bay na Migori. Badala ya kuweka hema la kupima virusi pekee, ambalo mtu akionekana akiliingia tayari ameshahukumiwa na majirani, waliweka kambi ya afya ya kupima pia shinikizo la damu, sukari na malaria. Waliokosa kuja walifuatwa nyumbani. Takribani watu wazima 9 kati ya 10 walipimwa. Mzee aliyekuja kwa ajili ya presha alitoka akijua hali yake yote. Hakukuwa na dawa mpya katika hatua hiyo. Ilikuwa ni kuelewa aibu ya watu inakaa wapi na kuizunguka.

Kuna utafiti mmoja zaidi ambao wakazi wengi walishiriki bila kuambiwa kwamba umesaidia kujenga sera. Serikali ya kitaifa ilipoanza mwaka 2004 kuwapa pesa walezi wa watoto yatima na walio katika mazingira magumu, haikueneza mpango huo nchi nzima mara moja. Tathmini ilianza mwaka 2007 katika wilaya saba za wakati huo: Garissa, Homa Bay, Kisumu, Kwale, Migori, Nairobi na Suba. Nyanya aliyekuwa akilea wajukuu alipata shilingi 1,500 kwa mwezi, baadaye 2,000. Lengo lilikuwa chakula, shule na matibabu.

Miaka michache baadaye watafiti walirudi kwenye nyumba hizo wakauliza pia maswali ambayo mpango haukuwahi kuyataja. Wakakuta kwamba vijana wa nyumba zilizopata pesa walichelewa kuanza ngono wakilinganishwa na wenzao wa nyumba ambazo hazikupata, na wasichana walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata mimba mapema. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014 na 2015. Hakuna aliyekuwa amewahubiria wasichana hao. Bibi yao alikuwa na pesa ya sare, sabuni na sodo, basi.

Sasa ligeuzeni hilo mlitazame kwa upande wa leo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay na Migori kila moja ilikuwa na wasichana 23 kati ya 100, wa umri wa miaka 15 hadi 19, ambao wamewahi kushika mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 15. Kila mara tarakimu hizi zinapotajwa, kidole hunyooshewa bodaboda, disko matanga, simu na wazazi wa siku hizi. Huenda vyote hivyo vina sehemu yao. Lakini jambo ambalo limepimwa katika vijiji hivi hivi, likaonekana kusaidia, ni pesa kidogo na ya uhakika mikononi mwa mlezi. Na kiwango hicho cha shilingi 2,000 kimesimama palepale kwa miaka zaidi ya kumi, huku bei ya unga ikipanda. Hiyo ni hoja ambayo mkazi anaweza kuibeba mpaka kwa mbunge wake akiwa na ushahidi.

Ni haki pia kutaja utafiti ambao haukutoa jibu lililotarajiwa. Rongo na Migori, kati ya mwaka 2012 na 2013, kulijaribiwa mpango uitwao Shamba Maisha. Watu wanaoishi na virusi, ambao wengi wao walikuwa wakimeza dawa kwa tumbo tupu, walipewa kwa mkopo pampu ya maji inayoendeshwa kwa nguvu za mwili, wakafundishwa kilimo cha mboga na utunzaji wa pesa. Jaribio dogo lilitia moyo sana: chakula kiliongezeka na virusi vikadhibitiwa vizuri zaidi. Ndipo likafuata jaribio kubwa, kati ya mwaka 2016 na 2019, lenye watu 720 katika vituo 16 vya afya vya Migori, Homa Bay na Kisumu. Matokeo yakatoka mwaka 2022. Chakula kiliongezeka kweli kwa waliopata pampu. Udhibiti wa virusi, hata hivyo, uliboreka kwa wote sawasawa, waliopata na ambao hawakupata, katika miaka ileile ambayo matibabu yenyewe nchini yalikuwa yameboreka.

Kama hakungekuwa na kundi la kulinganisha, pampu ingepewa sifa zote na kaunti tatu zingetangaza kwamba sukumawiki imeshinda virusi. Ukweli uliopatikana ni mdogo zaidi lakini unatumika: anayetaka familia hizi zile, pampu na mkopo mdogo ni njia iliyothibitika. Anayetaka virusi vidhibitiwe, aweke nguvu kwenye dawa na huduma. Mkulima wa Nyatike anayesubiri mvua isiyokuja hahitaji zaidi ya sehemu ya kwanza ili kuona faida yake.

Pamoja na hayo yote, malalamiko ya wakazi kuhusu utafiti ni ya kweli na yanastahili kusemwa katika chapisho la kaunti. Kuna vijiji, hasa Rusinga, Mfangano na Mbita, ambako watu wameulizwa maswali mpaka wamechoka. Karani huja na simu yake, anauliza watoto wangapi, mlikula mara ngapi jana, mna choo cha aina gani, halafu hupotea. Matokeo husomwa London na California kabla hayajafika Sena. Mama aliyetoa saa mbili za siku yake ya soko hajui hadi leo majibu yake yalifanya nini. Baadhi ya ukaidi uliozikataa zile pesa za mwaka 2015 bila shaka ulizaliwa hapo.

Kwa hiyo anayekuja na karatasi za maswali aulizwe kibali chake kutoka NACOSTI, tume ya kitaifa inayotoa leseni za utafiti. Aeleze taarifa zitakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mkazi haki ya kujua hilo. Mkazi anaweza kukataa, na anaweza kuacha katikati bila kupoteza huduma yoyote hospitalini. Halafu aulizwe lini atarudi na matokeo, na kama ni kwa baraza la chifu au kwa njia gani. Mtafiti mzuri huwa na jibu tayari.

Kaunti nazo zina lao. Kila mkazi anaweza kutaja jengo moja la soko lililojengwa mahali ambapo hakuna anayeuza, au kisima kilichochimbwa kikakauka. Ni miradi iliyoamuliwa haraka, mara nyingine kwa nia njema kabisa, na mtu ambaye angeweza kusema "kina mama hawapiti huku" hakuulizwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori, na bajeti haitawahi kuwatosha wote. Ndiyo maana kukosea mahali pa kuiweka kunauma zaidi hapa kuliko kwenye kaunti tajiri.

Kalenda ya bajeti haina siri. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya kila hatua wakazi hualikwa kutoa maoni, kwa kawaida katika ukumbi wa wadi. Wengi huenda na ombi la barabara, na barabara zinahitajika. Safari ijayo, mradi wa samaki, wa vijana au wa wasichana ukisomwa, mkazi mmoja asimame amuulize afisa: nani waliulizwa kabla ya hili kuandikwa, walisema nini, na kama lilijaribiwa mahali pengine, lilienda vipi? Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na jina la ofisi iliyolitoa.